Glasi Zinazopanda Jukwaani

Jumamosi, 11 Septemba

Jana Garland alinikumbatia mlangoni pa baa ya Korongo, nami nikamnusa. Alinuka peremende ya mnanaa, ile kali ya kwenye mkebe. Nikamuuliza amekula nini, akasema sandwichi. Sandwichi ya nini?

“Ya mkate, dada,” akasema, akanipita na gitaa lake.

Mtu hula peremende kwa sababu mbili: amekula kitunguu au anaficha kitu. Kitunguu sikukisikia.

Nayaandika haya kwa sababu nikimwambia mtu nitaonekana namwangia ndugu yangu. Garland ni mdogo wangu wa pekee, ana miaka arobaini na sita. Mchana anaezeka mapaa ya watu, Ijumaa anaimba rokabili, ile roki ya kizamani, na bendi yake, Mbwa wa Delta. Zamani alikuwa mlevi wa kulala kwenye maua ya majirani. Mkewe alichoka, akambeba mtoto wao Josie akarudi kwao Jackson. Kisha Garland akaacha, na mwaka wa tatu huu anasema hajaonja hata tone. Hakimu akamrudishia mtoto wikiendi mbili kwa mwezi, kwa sharti moja tu: akionja, basi tena. Josie ana miaka tisa, na akifika kwangu anaanza kwa kufungua friji. Sitaki hata kufikiria kwamba siku moja hatakuja.

Shida ni kwamba tangu mwezi wa nane Garland amerudi jukwaani, na Korongo si kanisani.

Jumatano, 15 Septemba

Dukani kutwa. Mteja kaapa kwa jina la mama yake kwamba matairi yake ni ya mwaka jana. Yamelika mpaka yanang'aa. Kaunta ya matairi imenifundisha kitu kimoja: mtu akianza kueleza kabla hajaulizwa, ujue.

Jumamosi, 18 Septemba

Joto halitaki kuondoka. Jana ndani ya Korongo feni zilikuwa zinazungusha moshi tu. Walianza vijana wanne wa roki ya gereji, gitaa lenye sauti chafu na kinanda cha kuokotwa, wanapiga utadhani wanavunja kabati. Nyimbo za dakika mbili mbili, zote zinamhusu msichana mmoja asiyepokea simu. Niliwapenda. Nina miaka hamsini na tatu na bado muziki wa namna ile unaninyanyua kitini.

Kisha Garland. Nywele za mafuta, mikono ya shati imekunjwa, mguu mmoja unatikisika wenyewe. Pembeni yake Hollis anaicharaza besi yake kubwa ya kusimama, anaipiga makofi kama anaiamsha, na watu wote wakahama kutoka ukutani. Kwa nyimbo tatu nikasahau kumchunguza mdogo wangu.

Wimbo wa nne ukaja na glasi.

Watu wa Korongo wana desturi yao. Wimbo ukimkuna mtu, ananunua wiski kaunta, na glasi inapitishwa mkono kwa mkono juu ya vichwa mpaka jukwaani, kelele njia nzima. Mwimbaji anaimaliza kwa mkupuo mmoja kabla mpiga ngoma hajahesabu nne, anaifudikiza juu ya spika, na wimbo unaanza. Anayekataa amekwisha. Mwaka juzi jamaa mmoja kutoka Nashville alisema hawezi, anaendesha gari. Walimpa kisogo wote, wakazungumza habari za mpira mpaka akakunja nyaya zake. Vijana wa gereji hupelekewa bia. Garland wanampelekea wiski, kwa sababu wanamkumbuka alivyokuwa.

Jana alimaliza tatu. Nikamfuata nje alipokuwa anapakia vyombo.

“Garland, nimeona kwa macho yangu.”

“Umeona nini?”

“Usinifanye mjinga.”

“Dada, hizo glasi zisikusumbue. Niamini.”

“Nikuamini vipi, na hunielezi kitu?”

“Ndiyo kuamini kwenyewe huko. Bila kuelezwa.”

Akanikumbatia. Mnanaa tena. Lakini hakuyumba, ulimi haukuwa mzito, na gari aliliendesha sawasawa. Walevi wa zamani wanajua kubeba mzigo. Nilikwenda kulala na hasira.

Jumamosi, 25 Septemba

Nimeanza kumwangalia mhudumu wa kaunta. Anaitwa Twyla, mwanamke wa miaka arobaini hivi, mkavu wa maneno, kachorwa kunguru shingoni. Kazi ameipata kwa mgongo wa Garland: ndiye aliyemwombea kwa mzee Verlon, mwenye baa, wiki ile ile aliyorudi kuimba. Kwa nini wiki ile ile?

Nilimuuliza ametokea wapi.

“Huku na huku, mama,” akasema, akafuta kaunta mahali palipokuwa pakavu.

Jumamosi, 2 Oktoba

Mvua ya kwanza ya maana. Paa la Korongo linavuja juu ya meza ya pool, wakaweka ndoo, mchezo ukaendelea.

Walipiga wasichana watatu wanaojiita Dhambi Ndogo. Mpiga ngoma wao anapiga amesimama, hana viatu. Mwimbaji alisahau maneno ya wimbo, akaimba bei za kambare wa kukaanga zilizobandikwa ukutani, na baa nzima ikaitikia. Nilicheka mpaka machozi. Usiku kama ule ndio unaonifanya nisiuache huu mji.

Lakini jicho langu lilikuwa kaunta. Mtu yeyote akiagiza wiski, Twyla anaichukua kwenye rafu ya nyuma, penye kioo. Ikiwa ni ya Garland, anainama. Kuna chupa yake chini ya kaunta. Anamimina huko huko chini, glasi inaibuka imejaa. Mara zote nne alifanya hivyo, hakukosea hata mara moja.

Jumanne, 5 Oktoba

Mvua kutwa. Garland aliniambia Jumanne zote yuko kwenye paa moja la kule Germantown. Nani anapanda paa kwenye mvua?

Jioni nikitoka dukani nimelipita kanisa la matofali karibu na reli. Garland alikuwa anatoka mlango wa pembeni na Twyla. Walisimama chini ya mwavuli mmoja wakizungumza, kisha wakapanda gari lake. Garland alikuwa anacheka. Huo mcheko sijapewa mimi mwaka mzima.

Nilidhani wana mapenzi. Nikafika nyumbani nikawaza tena. Mapenzi yasingenitisha. Wanaficha kitu kingine.

Jumatano, 6 Oktoba

Nimempigia simu.

“Jana paa lilikuwaje?”

“Umeniona.”

“Nimekuona. Yule mwanamke ni nani kwako?”

“Ni rafiki.”

“Rafiki wa chupa?”

“Dada, kuna mambo si yangu kuyasema. Yangekuwa yangu ningekwambia.”

“Na Josie naye si wako?”

Alikata simu. Garland hajawahi kunikatia simu, hata alipokuwa amelewa chakari.

Jumapili, 17 Oktoba

Wikiendi ya Josie. Tulikaanga kambare kwangu. Garland akamfundisha kupiga makofi mahali panapotakiwa, pa pili na pa nne, si pa kwanza kama watu wa kwaya. Josie akapata, akawa anatupigia makofi hadi wakati wa kusali mezani. Amesema Krismasi mama yake amemruhusu wiki nzima, na anataka kumwona baba yake jukwaani, hata kama ni mchana wakati wa kujaribu vyombo.

Garland alitoka nje kidogo. Nilipomchungulia dirishani alikuwa anafuta macho. Machozi ya furaha au ya mtu anayejua ana deni la uongo? Sikuweza kutofautisha, na hilo ndilo linaloniudhi.

Jumatano, 20 Oktoba

Baridi imeingia ghafla. Nimetoa koti.

Jumamosi, 30 Oktoba

Jana, kwa sherehe ya mizimu ya mwisho wa Oktoba, watu walikuja na vinyago. Verlon alivaa masikio ya sungura, na sigara yake mdomoni. Nilikaa kwenye kiti cha mwisho cha kaunta, pale panapoonekana chini.

Chupa ipo. Ina karatasi ya wiski ile ile ya rafuni, ila imechanika pembeni.

“Hiyo ya chini ni ya nini?” nikamuuliza Twyla.

“Ya watu maalumu, mama.”

“Maalumu kama mdogo wangu?”

Akanitazama. Ana macho ya mtu aliyekwisha kuulizwa maswali magumu kuliko yangu. “Mama, bia yako inapoa.”

“Bia inatakiwa iwe baridi.”

“Basi inapata moto. Kunywa.”

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nani anayemwekea mlevi wa zamani chupa yake peke yake, kama mtoto mchanga, asimwachie apumzike? Nimeanza kumchukia yule mwanamke na sioni haya kuandika.

Jumamosi, 6 Novemba

Glasi tano jana. Tano. Na hakuyumba.

Jumapili, 14 Novemba

Jana sikuweza kushika kalamu. Leo naandika yote, pamoja na yangu.

Ijumaa mvua ilikuwa ya barafu. Dhambi Ndogo walikuwa jukwaani, Garland na Hollis wamejikinga ndani ya gari nyuma ya baa wakingoja zamu. Mzee Verlon alikuwa amesimama mwisho wa kaunta. Nikamwendea.

“Mzee Verlon, unajua kuna chupa chini ya kaunta yako ambayo si yako?”

Akatoa sigara mdomoni. “Ya nani?”

“Muulize anayeimimina.”

Kila mwenye baa anaijua hila ile: mhudumu analeta chupa yake kutoka nyumbani, anauzia wateja, pesa zinaingia mfukoni mwake na chupa za tajiri zinabaki zimejaa. Sikusema Twyla anaiba. Nilijua tu Verlon atawaza nini, nikamwachia awaze. Nilichotaka ni Twyla aondoke karibu na mdogo wangu, basi.

Verlon akazunguka kaunta, akainama, akaichomoa. Pua yake imekufa kwa sigara miaka mingi, hakuinusa.

“Hii ni yako?”

Twyla akaitazama chupa. Akanitazama mimi. Waliokuwa wamekaa pale ndio wale wale wanaomnunulia Garland kila Ijumaa, na wote walikuwa wametega masikio.

“Ni yangu, mzee.”

“Unawauzia watu wangu pombe yako, kwenye kaunta yangu?”

“Kama unavyoona.”

Verlon akaimwaga yote kwenye sinki. Twyla akasema, “Nipe dakika moja tu nizungumze na Garland.” Akajibiwa kwamba Garland hahusiki, achukue koti lake. Hakubishana. Alipofika kwangu akanishika mkono, vidole vyake vimelowa.

“Mama, nakuomba. Mwambie Garland asinywe kitu chochote leo. Mwambie Twyla hayupo.”

Nikaitikia kwa kichwa, akatoka kwenye mvua.

Sikumwambia.

Garland alipita hapo hapo karibu yangu na gitaa lake, akanikonyeza, nami nikanyamaza. Niliona ni maneno yao ya siri. Asinywe nini, na chupa imekwisha kumwagwa? “Twyla hayupo” nikadhani ni alama ya kukutana mahali. Nikajiambia sitakuwa tarishi wa yule mwanamke. Glasi za baa hazikunitisha, nilidhani ni zile zile alizokuwa akinywa kila wiki. Kesho yake ndipo ningemkalia kitako.

Walianza vizuri. Wimbo wa tatu ulipoisha mwenye duka la vinyozi akainua mkono. Verlon mwenyewe akamimina kutoka rafuni, mpaka ukingoni, na glasi ikapanda juu ya vichwa. Taa za jukwaani zinampiga Garland machoni, hawezi kuona kaunta. Garland aliipokea, akaiinua, akaimaliza kwa mkupuo kama kawaida yake.

Nikauona uso wake.

Mtu aliyezoea wiski hafanyi vile. Alikohoa, akashika koo, macho yakamtoka. Mpiga ngoma akahesabu nne, wimbo haukuanza. Akahesabu tena. Glasi ilikuwa bado mkononi mwa Garland. Akakinga taa kwa kiganja, akatafuta kaunta, akamwona Verlon anamwinulia kidole gumba. Kisha akanitafuta mimi. Sijui aliona nini usoni mwangu, ila aliacha kutafuta.

Aliimba. Mungu anisamehe, hajawahi kuimba vile, na watu walipagawa. Glasi ya pili ikaja upesi. Hii aliishika kwa muda mrefu. Baa nzima ilikuwa inamhesabia, moja, mbili, tatu, na yeye anaiangalia tu. Nilitaka kupiga kelele asinywe, nikabaki nimekaa. Akainywa. Safari hii hakukohoa.

Hollis akaachia besi yake katikati ya wimbo, ikaanguka kwa kishindo, watu wakashangilia wakidhani ni sehemu ya onyesho. Akaruka chini akaja kwangu.

“Twyla yuko wapi?”

“Amefukuzwa.”

“Nani kamfukuzisha?”

Nikageukia jukwaani.

“Bernadine, ilikuwa chai! Chai baridi isiyo na sukari. Tangu mwezi wa nane. Twyla alikuwa anaipika nyumbani kwake, anaitia kwenye chupa. Watu wanalipa wiski, pesa zinaingia kwa Verlon, Garland anakunywa chai, anakula peremende watu wasijue hanuki pombe, na hakuna anayejua.”

“Mbona hakuniambia?”

“Wewe?” Hollis akasema. “Wewe ungeionja kila Ijumaa uhakikishe.”

Alirudi jukwaani kumshusha Garland, na watu wakamzomea. Ya tatu ilikuwa imekwisha kufika. Garland akatoka kwa mlango wa nyuma na chupa ya mtu, bila koti. Nilizunguka na gari mpaka kituo cha mafuta cha mwisho kabla ya daraja. Leo ni Jumapili na bado hajaonekana.

Jumatatu, 15 Novemba

Hakuna.

Jumanne, 16 Novemba

Twyla ndiye aliyempata. Alikuwa ng'ambo ya mto, upande wa jimbo la Arkansas, kwenye chumba cha kulipia kwa siku. Akamrudisha nyumbani kwake Garland, akamwogesha, akakaa naye. Nilipogonga mlango ni yeye aliyefungua, akasimama mlangoni asinipishe.

“Amelala,” akasema.

“Nataka kumwona.”

“Najua.”

Nikamwambia nimekuja kuomba radhi. Nilisema maneno mengi, mengine sikumbuki. Alinisikiliza hadi mwisho, mikono kifuani.

“Jumanne huwa tunakaa chumba cha chini pale kanisani, sisi tulioacha pombe,” akasema. “Kanuni ni moja. Uliyemwona pale humtaji nje. Mimi mwaka wa sita huu. Garland hakukwambia kwa sababu angenitaja mimi. Ulidhani namfichia yeye. Yeye ndiye aliyekuwa ananifichia mimi.”

“Ungejitetea kwa Verlon.”

“Mbele ya wale? Niseme Garland wenu anawainulia chai miezi yote? Angeimba wapi tena?”

Akashika ukingo wa mlango.

“Mama, ulimpa ujumbe wangu?”

Nilitaka kudanganya. Uongo ulikuwa tayari mdomoni: kelele zilikuwa nyingi, sikumfikia. Nikatikisa kichwa.

Twyla hakunitukana. Alifunga mlango polepole, asimwamshe.

Jumamosi, 20 Novemba

Nilikwenda Korongo mchana. Verlon alikuwa anapanga viti.

“Mzee, Twyla hakuiba. Nilikuacha uamini uongo.”

“Chupa ilikuwa ya nini, basi?”

“Siwezi kukwambia.”

“Wewe, Bernadine? Huwezi kuniambia jambo?” Alicheka mpaka akakohoa. “Umepigwa na nini?”

“Ukitaka kumfukuza mtu, nifukuze mimi. Yeye mrudishe.”

Akasema atafikiri. Sikumtajia chai, kanisa wala mtu. Nilirudi kwenye gari upesi, kwa sababu kila alichouliza nilikuwa na jibu lake.

Alhamisi, 25 Novemba

Sikukuu ya Shukrani. Nimeoka bata mzinga wa watu sita, nimekula peke yangu. Jioni Garland akapiga simu. Sauti yake ilikuwa nyembamba.

“Nimewapigia Jackson mwenyewe. Nimewaeleza.”

“Kwa nini, Garland? Nani angejua?”

“Josie hatakuja Krismasi. Hakimu atatusikiliza tena mwezi wa tatu.”

Nikalia. Nikamwambia niende nikamwambie hakimu kwamba kosa ni langu, kwamba ya kwanza hakujua ni nini.

“Ya kwanza ni yako,” akasema. “Ya pili niliijua. Hiyo niachie mimi.”

Jumatano, 1 Desemba

Twyla amerudi kazini. Hollis ndiye aliyeniambia. Nimefurahi, na nimeona aibu kwamba nimefurahi.

Jumamosi, 4 Desemba

Garland alikuja dukani, akangoja wateja waishe. Amekonda. Aliegemea rundo la matairi akachezea funguo zake.

“Ijumaa ya tarehe kumi na saba tunapiga,” akasema.

“Umeshapona kiasi hicho?”

“Twyla anasema twende. Hollis anasema twende. Mimi nikikaa nyumbani ndipo ninapofikiria.”

“Na glasi?”

Alizitia funguo mfukoni. Nikajiuma ulimi, nimechelewa.

“Dada, sitaki uje,” akasema. “Sikufukuzi. Nakupenda. Lakini nikiwa kule juu nakuona unavyonitazama. Wengine wanatazama mikono yangu kwenye gitaa, wewe unatazama koo langu. Ijumaa ile niliposhtuka nikakutafuta, nilikuona umekaa kama mtu aliyekuwa anangojea hilo hilo.”

“Sikuwa nangojea hilo!”

“Najua. Nakwambia nilivyokuona.”

Nikamuuliza mpaka lini. Akasema hajui, labda mpaka mwezi wa tatu, labda mpaka aweze kusimama mbele yangu bila kujihisi anapimwa. Akaniaga kwa mkono. Mteja aliingia, akaniuliza bei, nikamwambia bei isiyokuwepo.

Jumapili, 12 Desemba

Nimemwandikia Josie kadi. Nimeharibu tatu kabla ya kupata moja isiyojitetea.

Jumamosi, 18 Desemba

Jana nilikwenda. Sikuingia. Niliegesha gari ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la vinyozi lililofungwa, nikazima taa. Barafu nyembamba ilikuwa imeshika nyaya za umeme. Nilijiambia nitasikiliza wimbo mmoja tu.

Ukutani mwa Korongo inayopenya ni besi. Nilimtambua Hollis kwa ule mcharazo wake, kisha gitaa, kisha kwa mbali sana sauti ya mdogo wangu, haina maneno, ni sauti tu. Ilikuwa na kikwaruzo kipya. Watu walikuwa wanaingia wakicheka, wengine wakanipungia mkono, wakashangaa kuniona nimekaa mle ndani.

Wimbo wa kwanza uliisha, wa pili ukaisha. Wa tatu ulipoisha nikasikia zile kelele, zinaanzia upande wa kaunta, zinasogea kuelekea jukwaani. Glasi ilikuwa inapanda. Nilikuwa na mkono kwenye kitasa cha mlango. Hatua chache tu, mlango wa Korongo hauna mlinzi, ningesimama nyuma ya watu warefu wala asingeniona. Ningetazama tu kama Twyla ameinama au amegeukia rafu. Ningelala.

Kelele zikakatika. Wanahesabu, nikajua. Mle ndani ya gari nami nikahesabu, moja, mbili. Nilimwogopea mdogo wangu kuliko nilivyowahi kumwogopea katika maisha yangu yote, na mara hii sikuwa na la kufanya.

Ngoma ikalia, wimbo ukaanza.

Nikatoa mkono kwenye kitasa, nikawasha gari, nikaondoka taratibu kwa sababu ya barafu. Sijui alikunywa nini, na leo asubuhi sijampigia simu.